Robo nyekundu ku majiwe meusi: binti wa Goma, simu yake na kelele ya jamaa

Ilianza na foto moja tu. Siku ya Mungu, saa kumi ya mangaribi, mudogo wangu, mutoto wa mama mukubwa, alipanda paka kule upande wa Buhene, fasi volkano ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimamia, akavaa robo nyekundu ya murefu, akasimama juu ya majiwe meusi mukono ku kiuno, uso unaangalia Nyiragongo, ule mulima wa volkano, akaposti. Ni ile tu. Kufika saa tatu ya usiku grupe ya jamaa mu WhatsApp ilikuwa moto.

Mama mukubwa alituma odio ya dakika ine, yote malalamiko: eti batu batasema nini, eti mu hii Goma yenye imejaa matanga mutoto wake njo anaonyesha mapaja (robo ilikuwa inafika ku kisigino, lakini ilikuwa na mupasuo ku upande, njo mapaja yenyewe hayo). Mujomba wa Bruxelles akaandika: kwenu batu banakufa, weye unacheza modeli. Dada mwingine wa Kampala akatia mioyo saba, hakusema kitu. Kiisha mama mukubwa akaniita pembeni, mimi peke: weye njo yaya yake, umuongeleshe. Basi nilienda, na niseme ukweli nilienda na maneno ya upande moja, nikarudi nabeba ya pande mbili, na sasa nashindwa kulala nayo njo maana naandika.

Kwanza benye banalaumu, sababu habako bajinga hata kama bijana banabacheka. Mu avenue yetu, jirani akipatwa na matanga tunazimaka redio. Haiko sheria, hakuna mwenye aliandika ku ukuta, lakini mutoto akifungula muziki utasikia mama yake anamuitikia toka jikoni: zima, hausikie kule banalia? Hata bar ya ku kona inapunguza sauti, hata mwenye ana hasira na ule marehemu anapunguza. Sasa chukua hii desturi uilete ku Goma ya leo. Tangu 27 Januari 2025, siku M23, kundi ya baasi, iliingia mu muji, batu balizika bengi kwa mara moja, mahospitali zilijaa, benki zilifunga, uwanja wa ndege ulifunga, badeplase, batu ba kukimbia vita, benye balikuwa mu makambi kandokando ya muji bakaondoka na bitanda ku kichwa bila kujua banakuta nini kule nyuma. Karibu kila nyumba iko na mutu mwenye ilizika ao mwenye bangali banamutafuta. Kama kwa jirani moja tunazima redio, kwa muji muzima tunazima nini? Na simu haiko sawa redio, redio unaweza kuisikia tu kama uko karibu, lakini foto ya mudogo wangu inaingia paka mu nyumba ya mama mwenye amekaa chini ku mukeka, analilia mutoto wake, anafungula simu kutafuta habari, anakuta robo nyekundu. Hii maneno mimi naiheshimu. Sijasikia bado jibu yake yenye inaniridhisha, na mudogo pia nilipomuuliza alinyamaza kwanza.

Ile ingine, ya mapaja na heshima, niseme mbio mbio juu ilishanichosha. Mama mukubwa mwenyewe alikuwa kijana miaka ya 1970, wakati wa otantisite, ile siasa ya rais Mobutu ya kurudia mila ya bankoko, na wakati ule mwanamuke kuvaa patalo, jipe ya mufupi ao peruki ilikuwa kosa, serikali njo ilikuwa inachagua mwanamuke wa Zaïre (njo jina ya Kongo wakati ule) anavaa nini, kitenge basi. Paka kufika 1990 njo mambo ya nguo ilifunguka tena. Yeye mwenyewe anatuhadisiaka, akiwa na furaha, vile alificha peruki yake mu sufuria ya juu ya kabati, anaivaa ndani ya nyumba tu, mulango imefungwa, anajiangalia ku kioo kiisha anairudisha mu sufuria. Sasa ule binti wa sufuria njo leo anatuma odio ya dakika ine! Na hii kitenge tunasemaka ni heshima ya bankoko, ile ya bei kali tunaita olande, inatoka Helmond kule Uholanzi, kwa kampuni ya Vlisco yenye ilianza 1846. Kwa hiyo kila kizazi kiko na nguo yenye kinaogopa, na mimi mwenye naandika hapa kuna jinzi moja ya 2009 sitaki mutu aniulize.

Tuende ku upande wa mudogo sasa. Nilifika kwake Katindo siku ya posho asubuhi, nikamukuta hajalala vizuri, anapiga pasi robo ingine, ya kijani. Nikaanza hotuba yangu. Akanisikiliza mupaka mwisho, kiisha akanionyesha ndani ya shingo ya robo: etikete ya bei ingali, imefungwa na pini ndogo ili isionekane. Kumbe ata moja haiko yake! Kuna mama mwenye anauzisha ku Birere, kartie ya biashara, analetaka manguo na meshi za kichwa kutoka Kampala, anamupatia robo, mudogo anaivaa, anaiposti, mutu akinunua yeye anapata kakitu kake juu, isiponunuliwa anairudisha vile ilitoka. Njo maana chini ya makwapa anaweka karatasi ya kleneksi, jasho isiguse kitambaa. Ile siku ya Buhene, biatu bya talo, bya kisigino kirefu, alibivaa dakika tatu tu, yale majiwe inakata sawa chupa, njia yote alienda na kandambili, na mutoto wa jirani wa miaka kumi na mbili alikuwa amesimama nyuma ya simu anashika shuka nyeupe ili mwanga umurudilie ku uso. Masaa mbili ya kazi, foto moja. Mujomba wa Bruxelles aliona mutu anacheza. Mimi niliona mutu mwenye anauza, na meza yake ni simu.

Na hapa kuna kitu benye bako mbali habaelewe. Benki zikifunga, feza haikufa, ilihamia mu simu. Mu Goma leo mukubwa na mudogo wote ni M-Pesa na Airtel Money, ukitaka kutosha kash ajenti anakukata kamisio yenye inauma, na ukipewa noti ya dola yenye kakitobo kadogo sawa kichwa ya shindano hakuna mwenye ataipokea, unabaki nayo sawa foto ya Mumarekani. Kwa hiyo mutu mwenye anauzisha kwa simu, analipwa kwa simu, anatuma robo na motari, ule hana ujinga, aliona njia mbele ya bengi. Tena asifikirie mutu kama TikTok njo inamulipa. Programu ya TikTok ya kulipa benye kutengeneza video haifike kwetu Kongo, laiki elfu kumi hazinunue hata kilo ya bugali. Anakula tu kama robo imetoka. Na mega ananunua yeye, simu alinunua yeye, hata ile RAM ya 2020, ile kodi serikali ilikuwa inatukata mu unite paka dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 4G mbele baiondoe 2022, aliilipa yeye, na wakati ule alikuwa angali ku masomo.

Lakini jibu yake yenye ilinigusa haikuwa ya feza. Aliniuliza: yaya, barafiki yangu beko wapi? Nikaanza kuhesabu naye. Moja Kampala, moja Bujumbura, babili Kigali, moja Nairobi anafanya kazi ya nyumba, moja hatujue. Ile meza yao ya siku ya Mungu, ya kula sambaza, zile samaki ndogo, na kucheka pembeni ya ziwa, haiko tena. Imebaki mu statisi ya WhatsApp. Na usinisahaulie, akaniambia, zile usiku za mwezi wa kwanza masasi inalia, tulikuwa tunafanya nini? Ni kweli. Nilikuwa chini ya kitanda na batoto yangu, umeme imekatika, naangalia simu yenye imebakia asilimia kumi na moja, natafuta nani ameandikwa ku juu kama yuko. Kipoint tu kikionekana unajua ule ni muzima. Kiisha mwanzo wa mwezi wa pili TikTok na X zikakatwa mu inchi, bijana bakatafuta VPN, bengine tukafikiria ni juu ya dansi banazikosa, kumbe mutu alikuwa anatafuta kama mwenzake angali anapumua. Sasa kuna desturi mupya: asubuhi anaposti, hata kikombe ya chai tu, na jamaa inaelewa aliamuka. Akanionyesha orodha ya benye baliangalia statisi yake ile siku. Wa kwanza, saa kumi na mbili na dakika ine? Mujomba wa Bruxelles. Jana yake pia. Kila siku! Anamutukana mangaribi na anamuchungulia asubuhi kama eko muzima, na sidhani kama yeye mwenyewe aliona zile bitu bibili zinagombana.

Basi hapo ningemupatia mudogo ushindi wote nirudi nyumbani. Sikumupatia. Kuna mambo mbili.

Ya kwanza ni ile filtre. Mudogo ni mweusi, mweusi wa muzuri wa kwetu, na mu foto eko rangi ya ndizi yenye kuiva. Nilimuuliza, akasema baklia bananunua zaidi uso ukiwa mweupe, alijaribu robo moja na foto mbili, ya mweupe njo ilitoka. Labda ni kweli, sina ya kumubishia ku biashara. Lakini pembeni ya kitanda niliona kopo ya mafuta yenye haina jina ya mwenye kuitengeneza, na vidole vya mukono vilikuwa vinaanza kuwa rangi mbili, ku viungo kungali kweusi na katikati kunang'aa. Uso wa simu ulianza kumuomba uso wa nyumbani ubadilike. Hapa sikuwa na pande mbili, nilimwambia wazi, akanikasirikia, ni sawa.

Ya pili njo yenye inanitia woga, na ajabu ni kwamba mu ile grupe ya jamaa, odio zote, machozi yote, hakuna hata mutu moja mwenye aliigusa. Mu video yake ya robo ya kijani anatoka ku mulango, ku ukuta kunaonekana namba ya parseli, ni kusema ya kiwanja chao, anapita mbele ya farmasi yenye kila mutu wa Katindo anaijua, anasema na mudomo yake: niko naelekea Birere kuchukua mizigo mingine. Aliposti pale pale, angali anatembea. Mu muji wenye saa moja ya usiku batu banaanza kukimbia kwabo, wenye kila wiki tunasikia nyumba fulani baliingilia. Mama mukubwa anaona mapaja, mimi naona namba ya parseli. Mwizi hapana haja na mapaja, yeye anataka kujua nani eko na mizigo, anapita wapi, saa ngapi. Nilimuuliza: hii umeona? Akaiangalia tena na tena, kiisha akaifuta mbele yangu bila kubisha.

Na bado kuna benye banamuandikia pembeni. Nilisoma mbili tatu nikamurudishia simu. Mwezi wa tano mutu alichukua foto zake, akafungula profili kwa jina yake, akaanza kuomba barafiki feza kwa namba ya mobaili mani yenye haiko yake, babili balituma. Kongo iko na Kanuni ya dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, inaazibu mambo ya kusumbua batu na udanganyifu mu rezo, mu karatasi iko. Lakini binti wa Goma, leo hii, aende kushitaki ku ofisi ya nani? Aliposti tu: huyu haiko mimi. Komenti ya kwanza ilikuwa: na weye pia unajionyesha sana. Ni ile ile lugha ya grupe ya jamaa, mwenye kuibiwa njo anaombwa hesabu.

Tulipatana bitu bibili bya kawaida tu: kuposti kesho yake, haiko siku ile ile, na mulango wa nyumba usionekane tena. Ku maneno ya matanga hatukupatana, nilimuachia mwenyewe. Siku ine kiisha, kijana wa nyumba ya tatu toka kwabo aliletwa toka hospitali, amekufa. Mudogo hakuniambia kitu, niliona tu: foto ya Buhene haiko, statisi haiko, siku tatu nzima. Siku ya pili mujomba alinipigia saa moja ya asubuhi, sauti inatetemeka, eti mutoto amepatwa na nini?

Mama wa Birere yeye hakutaka kujua habari ya matanga. Alikuwa na klia wa Bunia mwenye alikuwa anauliza ile robo nyekundu, akaitafuta foto akaikosa, akaenda kununua kwingine. Robo ikarudi siku ya tano haijauzwa, na chini ku upindo kulikuwa mavumbi meusi ya majiwe yenye haikutoka. Mudogo alikatwa dola tatu ya kufua.