Mdumange wa Bure Njia ya Amani
Mlioko kwenye grupu la familia mmeshasikia ule ujumbe wa sauti wa shemeji yangu, kwamba nimecheza mdumange, ile ngoma ya Wasambaa, katikati ya barabara ya Amani nikiwa na bukta. Bukta ni kweli. Mdumange sikucheza, niliwashwa.

Tulitoka Muheza kwa bodaboda mbili kulifuata lile ua dogo la urujuani ambalo Wazungu wanalilea madirishani. Njia nzima mimi ndiye mwalimu. Kwamba Mjerumani mmoja, Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga, alilikuta mwaka 1892 akampelekea baba yake Ujerumani. Kwamba likaitwa Saintpaulia kwa ajili yake, hadi mwaka 2015 wataalamu walipolihamishia jenasi ya Streptocarpus. (Msinipigie makofi, nilisoma usiku ule ule.) Kwamba linapenda kivuli na miamba yenye unyevu.

"Sasa mbona unatafuta juani?" shemeji akauliza.

Kwa sababu juani, hata Sigi kwenye lango la hifadhi ya Amani hatujafika, nilikuwa nimeona zambarau. Mmea umetambaa juu ya mti wa pembeni, vishada vinaning'inia kama zabibu. Ndani ya hifadhi huchumi kitu. Huku nje nikajipa kibali mwenyewe.

Hapa twende polepole. Nikavuta. Haukuja. Nikavuta kwa mikono miwili, uso nimeuinua, mdomo wazi, vifungo viwili vya shati wazi. Nyuma ya maua kulikuwa na maganda makavu, yamejikunja, yana manyoya ya rangi ya dhahabu. Niliyaona! Hata nikasema, "Jamani, mpaka mbegu zake zimevaa mahameli." Mmea ukaachia ghafla. Vumbi la dhahabu likashuka taratibu, linametameta, likapita shingoni, likaingia kifuani. Mimi nikachomeka kishada sikioni, nikakaa pozi.

Bibi mmoja aliyejitwika kuni akasimama. "Shikamoo bibi." "Marahaba." Akaliangalia sikio langu, akaliangalia shati.

"Mwanangu, huo si upupu?"

Mimi, jamani. Mimi niliyemwaga upupu kwenye kiti cha mwalimu wa hesabu darasa la sita! Lakini nilikuwa naujua kwa maganda yaliyofungwa kwenye karatasi. Nani aliwahi kuuangalia maua?

Ulianza kisogoni, kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi. Kabla sijaitikia ulishaingia hadi chumbani. Shati nikalivua. Suruali sikumbuki nani aliivua. Na ndipo basi linaloshuka kutoka Amani likakata kona. Likapunguza mwendo. Kondakta akaning'inia mlangoni akauliza kama nahitaji msaada au ni tambiko, wasinikatishe. Watoto wakanipungia mkono dirishani. Nikawapungia. Wewe ungefanyaje?

Yaliyobaki ni mafupi: bibi alinipaka tope la mtaroni, mama ntilie akaongeza majivu, nikarudi Muheza na kanga ya watu. Nitairudisha Jumamosi, bibi asidhani nimehama nayo.

Ua lenyewe sikuliona. Shemeji aliendelea na safari, akalikuta mwambani, akapiga picha nne. Ya tano ni mimi. Na aliyeigeuza stika, namjua.