Wodi ya Sewahaji ina historia yake

Vyuoni kwetu somo la jamii na historia ya afya linaonekana la kupitia tu. Mwanafunzi wa udaktari atakesha wiki nzima na anatomia, halafu historia ataigusa usiku wa kuamkia mtihani, tena kwa noti za kuazima. Mimi ningeliweka mbele, hasa kwa anayesomea Dar es Salaam.

Pale hospitali ya Muhimbili wanafunzi hupita kila siku katika wodi za Sewahaji. Ni wangapi wanajua kwamba Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi, na kwamba fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya Waafrika na Wahindi enzi za Wajerumani? Wazungu walikuwa na yao ufukweni, Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897, ambayo leo tunapeleka wagonjwa wa saratani. Rangi ya ngozi ndiyo iliyoamua ulazwe wapi.

Mji wenyewe nao ukakatwa hivyo hivyo. Mnazi Mmoja, tunapokwenda kwenye mikutano, watawala wa kikoloni walipaacha wazi makusudi ili Kariakoo ya Waafrika itengane na Uhindini. Hoja mojawapo waliyoitoa ilikuwa eti kuzuia maradhi! Ubaguzi ulivaa koti jeupe la daktari, na mipaka yake bado unaweza kuitembea kwa miguu.

Sasa njoo kwenye kipindupindu. Bakteria wake anafahamika, dawa ipo, maji ya chumvi na sukari yapo. Lakini mvua kubwa ikinyesha, huko mabondeni kuna watu wanatapisha vyoo, yaani wanafungulia kinyesi kiende na maji ya mvua. Kwa nini? Gari la kunyonya majitaka ni ghali, au halifiki kabisa kwa ufinyu wa vichochoro, na mwenye nyumba haishi hapo. Hadubini haitakuonyesha kodi ya chumba.

Wazee wetu walilielewa hili. Kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 haikuanzia hospitalini. Watu walikaa vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo.

Basi somo hili lipewe alama za maana, na mwanafunzi apelekwe Jangwani au Vingunguti wakati wa masika. Mtihani wake uwe wa mdomo, kwa Kiswahili, na mjumbe wa shina awe miongoni mwa wasahihishaji.