Ramallah: walihama, au walifungiwa mlango?

Wenye asili ya koo za kale za Ramallah ni wengi zaidi Marekani kuliko Ramallah kwenyewe. Basi ubishi hauishi: kuhama kuliujenga mji huu wa Palestina au kuliumaliza?

Wanaosema kuliujenga hawakosi hoja. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa Kikristo wa Ramallah walivuka bahari wakachuuza vitambaa mlango kwa mlango. Baadhi walikwishaonja Kiingereza katika shule za Waquaker wa Kimarekani (madhehebu hayohayo yaliyofungua misheni ya Kaimosi, Kenya, mwaka 1902). Mwaka 1909 Milki ya Osmani (dola ya Kituruki iliyotawala Palestina wakati huo) ikaamua kwamba Wakristo nao waingie jeshini badala ya kulipa kodi tu, na safari zikazidi. Fedha zilizorudi zilijenga nyumba za mawe na kusomesha wadogo zao. Mwaka 1959 walioko Marekani wakaunda shirikisho lao, ambalo lipo hadi leo.

Wa upande wa pili huuliza: hizo nyumba analala nani? Mzeituni hauchumwi kwa hundi, na ardhi isiyo na mtu ni rahisi kunyang'anywa.

Mimi naona pande zote mbili zinamkabili mhamaji kana kwamba aliamua siku moja kuondoka moja kwa moja. Wachuuzi wale wa kwanza walikwenda kutafuta, wengi wakiwaacha wake na watoto nyumbani. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini baada ya vita vya 1967 Israel ilihesabu watu wa Ukingo wa Magharibi, eneo lenye Ramallah ambalo ililiteka katika vita hivyo, na ambaye siku hiyo hakuwepo akapoteza haki ya ukaazi. Kisha, hadi 1994, wengine takriban 140,000 wa eneo hilo walifutiwa ukaazi kwa sababu ya kukaa nje muda mrefu. Msafiri akageuzwa mhamiaji akiwa hukohuko safarini.

Nisitie chumvi, lakini. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1965 ilirahisisha kuvuta familia nzima, na mwenye duka Detroit, watoto wakiwa shuleni, huenda asingerudi hata mlango ungekuwa wazi. Huyo alichagua. Ila mjukuu wake, akitaka kuliona shamba la babu, huingia kwa viza ya mgeni, ya miezi mitatu.