Sikumbusu Mnyama, Nilianguka

Jamani, kabla hamjaendelea kunitumia hizo stika za midomo, naomba nami nipewe nafasi niongee. Sikumbusu. Nilianguka. Pua ndiyo iliyofika kwanza, midomo ikafuata kwa sababu imepakana na pua tangu nizaliwe, sasa ningeiacha wapi? Lakini shemeji yangu, fundi wa ving'amuzi kule Nkuhungu, mtu anayekula ubwabwa kwangu kila Jumapili, keshasambaza kwenye magrupu yote: "Mwananchi kambusu Mnyama mbele ya mama mkwe." Hadi kwenye grupu la misiba. La misiba! Humo tunachangiana sanda, leo watu wanachangia vicheko.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni Yanga, ndiye huyo Mwananchi, na Mnyama ni Simba, watani wetu. Tuliozoeana mnajua. Ndiyo maana linauma.

Sasa tuanze na TV yenyewe. Mnakumbuka nilivyoposti lile boksi lililogoma kupita mlangoni? Ndiyo hiyo. Inchi 65, 8K, imetoka Dubai kwa jamaa mmoja wa Dar, ikasafiri kwenye buti la basi, nikaipokea stendi ya Nanenane na kuipandisha kirikuu hadi Ilazo. Njia nzima nilikuwa nyuma nimelikumbatia boksi, vumbi la Dodoma likiingia sikio hili na kutokea lile. Usiku huohuo nikaandika hapahapa: "Pikseli milioni 33, nyie endeleeni na milioni 2 zenu." Hesabu haikuwa ya uongo. Pikseli ni vile vidoti vinavyounda picha, na 8K ni pikseli 7,680 kwa 4,320, zidisha mwenyewe. Full HD, hizo zenu, ni 1,920 kwa 1,080. Mlionijibu "hongera mkuu" mlinijibu kwa wivu, nami niliupokea wivu huo kwa mikono miwili.

Shemeji hakunipongeza. Alikuja kurekebisha dishi, akaitazama TV, akachomoa futi ya chuma mfukoni na kupima sebule yangu bila hata kuomba ruhusa.

"Shemeji, kutoka kwenye kochi mpaka kwenye kioo ni mita 3."

"Sasa?"

"Sasa hapa huoni kitu."

Akaanza somo. Jicho zima la binadamu, vitu viwili vilivyo mbali mita 1, huanza kuvitenganisha vikiwa vimeachana karibu milimita 0.3. Kwenye TV ya inchi 65 ya 4K, daraja la chini ya 8K, pikseli moja ina kama milimita 0.37. Kwa hiyo ukishavuka mita 1.3 hivi, vidoti vya 4K vinaungana na jicho halivioni tena. Vya 8K ni nusu yake, hivyo ndio kabisa. "Ili ufaidi hiyo ziada uliyolipia, lazima usogee ndani ya hiyo mita 1.3. Toa meza, toa stuli, ule ugali umeikumbatia TV."

Nikamwambia macho yamezidiana, yake yameharibiwa na jua la kwenye mabati.

"Haya, utatazama nini? King'amuzi chako mwisho wake HD, na chaneli nyingine hata HD hazifiki. Wajapani wa NHK ndio waliofungua chaneli ya 8K, Desemba 2018. Wewe uko Ilazo."

"Nitatazama mtandaoni."

"Kwa bando lipi? Netflix kwa 4K tu wanataka kasi ya megabiti 15 kwa sekunde. Hiyo ni karibu GB 7 kwa saa moja. Na hiyo ni 4K, shemeji. 4K!"

Wadau, kuna namna mtu anakuambia ukweli mpaka unajisikia kumpiga. Pesa ilishatoka. Boksi lilishatiwa moto na watoto wa jirani. Na mama watoto alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mlenda, anasikiliza kila neno. Nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Niwekee 4K na 8K hapa sebuleni, nikae palepale ninapokaa, nakutajia ipi ni ipi."

Shemeji akanyoosha mkono. Nikikosea, nyama choma kwa wote watakaokuwepo, halafu navaa jezi nyekundu na kupigwa picha Nyerere Square, mchana kweupe. Nikipatia, anavaa yeye ya kijani. Yeye ni Simba damu.

Jumapili ikafika. Nyumba imejaa. Mama mkwe yupo, katoka Mpwapwa kuja kliniki, kakalishwa kwenye kochi upande wa kulia. Jirani na mkewe wapo. Watoto ambao siwajui ni wa nani wapo. Shemeji kaja na TV ya 4K ya mteja wake, nayo inchi 65, akazipanga mbili hizo kwenye benchi la kuazima, akazizungushia kanga pembeni zote mpaka kikabaki kioo kitupu. Kisha akakaa pale muda mrefu sana akisawazisha mwanga na rangi, anasogea nyuma, anarudi, anapunguza huku, anaongeza kule. Nilimuuliza anahangaika na nini. Akasema watu wengi wakiona TV moja inang'aa zaidi wanadhani ni pikseli, kumbe ni mwanga tu, kwa hiyo mwanga lazima ulingane. Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angekumbuka ana ugeni Chamwino akaondoka. Mimi nikaongeza sambusa.

Nilitolewa nje zikapangwa upya. Niliporudi, kochi lilikuwa limejaa, nikapewa kiti cha plastiki mstari uleule wa mita 3. Sharti: makalio yasitoke kwenye kiti. Vigae vilikuwa vimepigwa deki muda mfupi uliopita, maana Dodoma usipopiga deki kabla ya wageni, wageni wanaandika majina yao kwenye meza.

Video ikaanza, ileile kwa zote mbili, moja kaishusha hadi 4K. Wanyama wa mbugani. Twiga, sawa. Tembo, sawa. Halafu akaja simba dume, uso wake ukajaa kioo kizima, kushoto na kulia. Shemeji anasema ilitokea tu.

Nikanyoosha kidole kushoto bila kusita.

"Ile."

"Una uhakika?"

"Tazameni sharubu," nikasema. "Sharubu moja moja mnaiona? Sasa hamieni kulia. Mnaona palivyofifia? Pana kaukungu fulani." Jirani akaitikia, "Kweli bwana, kulia kuna ukungu." Hakukuwa na ukungu wowote, jamani. Ila ukisema jambo kwa sauti ya mwenye nyumba, watu wanaliona. Nikaendelea. Nikawaeleza kina cha manyoya. Nikawaeleza unyevu wa jicho. Nilitumia neno "uhalisia" mara nyingi mpaka mtoto mmoja akauliza ni nini.

Mama mkwe akakohoa. "Baba, mbona hii ya upande wangu inachemka kama jiko?"

"Mama, hilo ni joto la Dodoma tu."

Julai hiyo. Upepo unapuliza mpaka mapazia yanalala juu ya feni. Mama mkwe kajifunga vitenge viwili na soksi za mkwewe, yaani zangu. Nikamwambia ni joto la Dodoma.

Shemeji akasema, "Funga hesabu basi. Kushoto?" Akasema kwa upole uliopitiliza. Upole ule ukaniingiza shaka, nikataka nithibitishe mara moja ya mwisho. Makalio sikuyatoa kwenye kiti, sharti nililishika. Nilichofanya ni kuinama mbele.

Nikainama kidogo. Sharubu zilikuwa sharubu. Nikainama tena. Miguu ya nyuma ya kiti ikanyanyuka kutoka kwenye vigae, nikaisikia, nikajiambia nina uzoefu. Nilikuwa nimeshabaki juu ya miguu miwili, shingo imenyooka, mkono mmoja una sambusa, makalio bado yapo kwenye kiti kisheria kabisa. Miguu ile miwili ikaanza kusafiri, na mimi nikiwa juu yake. Ilikwenda mbele, taratibu, juu ya maji ya deki, bila kelele. Nakumbuka nilipita stuli. Nakumbuka mke wa jirani akinifuata kwa macho kama anayetazama gari la moshi likiondoka. Niliona simba anageuza uso kunitazama mimi, mimi binafsi, na anafungua kinywa kupiga mwayo. Nilikuwa na muda wa kutosha kuitupa sambusa nikashika benchi. Sikuitupa. Kiti kikasimama ghafla kwenye ukingo wa zulia, mimi sikusimama.

Magoti chini. Pua kwenye kioo. Halafu ile sehemu nyingine.

Ile sauti mnayoambiwa ilisikika ilikuwa ya kandambili. Nasema tena: kandambili.

Kimya. Nikiwa palepale nimepiga magoti mbele ya simba, alama ya mafuta ya sambusa imebaki juu ya pua yake, nikarudisha kichwa nyuma kama urefu wa mkono ili nione kama kioo kimepasuka. Hakikupasuka. Lakini niliona kitu. Kwenye manyoya ya shavuni, pale penye mwanga, kulikuwa na wavu. Mwembamba sana, miraba midogo midogo, umetulia. Nikageuka kulia, umbali uleule, sikuona kitu. Laini tupu.

Sasa mtu mwingine angefunga mdomo. Angeinuka, ajipanguse, aulize chai iko wapi.

"Mbona hii ina vidoti?" nikasema. Kwa sauti. Sebule nzima ikasikia.

Shemeji hakucheka. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Alitoa simu kwanza, akahakikisha inarekodi, ndipo akasema, "Rudia, shemeji. Ipi ina vidoti?"

Nilikuwa nimeisifia 4K ya mteja wa watu muda wote ule, unyevu wa jicho na kila kitu, na pua yangu mwenyewe ndiyo iliyotoa ushahidi dhidi yangu.

Mama mkwe akasema, taratibu, "Si nilisema hii nyingine inachemka?"

Kumbe alikuwa sahihi. Shemeji alinieleza huku mimi napangusa mafuta kwa kanga ya mama watoto: pikseli zikiwa ndogo na zimebanana, mwanga wa taa za nyuma unapita kwa shida, kwa hiyo taa zinaongezwa nguvu ili picha ing'ae sawa na jirani yake. Umeme unakwenda, joto linakuja. Ulaya walipoweka masharti makali ya matumizi ya umeme kwa TV, Machi 2023, za 8K ndizo zilizotapatapa zaidi. Mama mkwe hasomi hata SMS bila miwani, lakini 8K kaitambua kwa muundi wa mguu. Mimi mwenye macho mazima niliyoyasifia humu ukurasani, nikaishia kuipapasa kwa uso.

Yaliyofuata mnayajua, shemeji kawaonyesha. Nyama ililiwa, mbuzi mzima, pamoja na watoto ambao hadi leo sijui ni wa nani. Jezi nilivaa, ilinibana kifuani. Picha ilipigwa, mzee mmoja aliyepita Nyerere Square akanipa mkono kunikaribisha Msimbazi. TV ya mteja ilirudi ikiwa safi, mteja asianze maneno.

Yangu bado ipo ukutani na inafanya kazi. Juzi nilitazamia mechi ya ligi kwenye chaneli ile isiyo ya HD. Zinakuja pikseli kama laki nne tu, TV inabidi ijitungie hizo nyingine milioni 32 na ushee. Inajitahidi. Kipa alikuwa na vidole sita dakika fulani, lakini vimekolea rangi.

Wanaoniuliza kwa dhati wanunue nini: shemeji anasema kwa pesa ileile chukua 4K yenye rangi nzuri na weusi wa kweli, au ongeza ukubwa. Nimeandika "shemeji anasema" ili ijulikane mimi sijasema.

Na mnaoniuliza inbox bei, sitaji. Mama watoto yumo humu, na ile niliyomtajia yeye inatosha rimoti.