Eritrea haikuifungia Ethiopia bahari mwaka 1993

Tangu hotuba ya Waziri Mkuu Abiy Ahmed ya Oktoba 2023, madai ya Ethiopia kutaka njia ya kufika Bahari ya Shamu hayajapoa, na lawama hurudishwa kwenye kura ya maoni ya Aprili 1993, Waeritrea asilimia 99.8 walipochagua kujitenga na Ethiopia. Madai yenyewe yana uzito. Nchi ya watu zaidi ya milioni 100 haina pwani, na takriban shehena yake yote, mbolea ya wakulima ikiwemo, hupitia Djibouti kwa gharama ya fedha za kigeni ambazo ni adimu.

Lakini walioondoka hawakuvunja muungano uliokuwa hai. Shirikisho la Eritrea na Ethiopia la mwaka 1952, lililotokana na azimio la Umoja wa Mataifa, lilifutwa na Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia mwaka 1962, Eritrea ikageuzwa mkoa. Vita vya ukombozi vilidumu miaka 30. Kura ilithibitisha tu kilichokwisha kuamuliwa vitani mwaka 1991, na serikali ya mpito ya Ethiopia chini ya Meles Zenawi iliridhia.

Tena baada ya kura ile bandari ya Assab, iliyoko Eritrea, haikufungwa kwa Ethiopia. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Kwa miaka mitano Ethiopia iliendelea kuitumia, na sehemu kubwa ya biashara yake ya nje ilipita hapo. Hadi mwaka 1997 birr, sarafu ya Ethiopia, ilinunua bidhaa Asmara, mji mkuu wa Eritrea, kama ilivyonunua Addis Ababa. Nchi mbili, zikitumia bandari na sarafu ileile, na mizigo inasonga! Tatizo ni kwamba viongozi wa nchi hizo, waliokuwa washirika wa vita msituni, waliutegemea mno ushirika huo. Mpaka haukuwekewa alama, na hapakuwa na mapatano thabiti ya namna ya kufanya biashara Eritrea ikitoa sarafu yake. Nakfa, sarafu hiyo mpya ya Eritrea, ilipotoka Novemba 1997, Asmara ilitaka ipokewe sawa na birr. Ethiopia ikakataa, ikadai malipo kwa fedha za kigeni isipokuwa kwa biashara ndogo za mpakani. Mei 1998 vita vya nchi hizo mbili vikazuka Badme, mji wa mpakani, vikaua makumi ya maelfu, na hapo ndipo mizigo ilipoihama Assab.

Serikali ya Asmara haina usafi wa kujivunia. Utumishi wa kijeshi usio na kikomo umewakimbiza vijana, na uchaguzi wa kitaifa haujafanyika tangu uhuru. Ila Ethiopia nayo ilikataa hadi mwaka 2018 kutekeleza uamuzi wa tume ya mpaka wa mwaka 2002 ulioipa Eritrea Badme. Uhasama huo ukavuka hadi Somalia, kila mmoja akiunga mkono kundi lake, na Januari 2024 makubaliano ya Ethiopia kuhusu pwani na Somaliland, eneo lililojitangaza huru kutoka Somalia, yakaighadhabisha Mogadishu.

Assab ni ya Eritrea kisheria. Kinachoweza kujadiliwa mezani ni ushuru, usalama wa shehena na muda wa mkataba, mambo yaliyopaswa kuandikwa na kutiwa saini kabla nakfa haijachapishwa.