Inawaka, Ila Haioneshi

Mpwa wangu alinipigia simu saa tatu usiku. "Shikamoo mjomba. Ile kompyuta haiwaki."

Nikamuuliza haiwaki vipi. Feni inazunguka? Inazunguka. Taa ya mbele? Ipo. Kioo je? Kioo kinaandika "No Signal", kinakaa kidogo, kinazima. Nikamwambia basi kompyuta yako inawaka vizuri tu, ila haioneshi.

Akanyamaza kidogo. "Si yale yale, mjomba?"

Si yale yale hata kidogo, na nina hakika neno hili moja, "haiwaki", linatutoa Watanzania pesa nyingi mno kwa mafundi. Gari likigoma tunajua kumwambia fundi kwamba linapiga stata lakini halishiki. Kuku akiugua tunasema anahara, au anasinzia, au shingo imepinda. Kompyuta ikitusumbua tuna neno moja tu, na ukimpelekea fundi neno moja atakujazia mwenyewe yale mengine, pamoja na bei.

Mashine yenyewe tuliinunua Kariakoo, mtumba wa maofisini Ulaya, boksi na kioo kwa laki mbili na themanini. Kijana anafungua steshenari Mbagala: kuchapa barua, kutoa kopi, kujaza fomu za vyuo za watu. Dukani tuliiona ikiwaka, picha safi, muuzaji akafungua na kufunga madirisha mawili matatu, tukalipa. Tukaibeba kwenye bajaji, boksi limelala miguuni kwangu, na barabara mnazijua. Jioni ile tuliiunganisha, na nilipoondoka akaiwasha, ikaandika hilo neno.

Asubuhi, kabla sijafika, alishamwita fundi wa jirani. Fundi hakufungua kitu. Alichungulia nyuma, akatikisa kichwa, akasema kadi ya picha imekufa, laki moja na ishirini aweke nyingine. Nilipofika niligeuza boksi nikatazama. Mashine ile haikuwa na kadi ya picha. Haijawahi kuwa nayo. Picha inatengenezwa ndani ya prosesa yenyewe, ile chipu kuu inayofanya hesabu zote, kama ilivyo kwa kompyuta nyingi za maofisini.

Kulitambua hili hakuhitaji cheti. Tazama nyuma ya boksi. Tundu la kioo likiwa limepangana na matundu ya USB na ya sauti, hilo ni la mazabodi, lile bamba kuu la saketi linalobeba vyote ndani ya boksi. Kadi ya kupachika huwa na matundu yake peke yake, chini kidogo, kwenye zile nafasi nyembamba zenye vibati vya kufungwa kwa skrubu. Ukikuta yote mawili, chomeka waya kwenye kadi, kwa sababu mashine nyingi zikiona kadi huzima tundu la mazabodi zenyewe. Nimewahi kuona mtu akirudisha kompyuta nzima dukani kwa kosa hilo, naye muuzaji akaipokea kwa huzuni, akabadilisha tundu mteja alipoondoka, akaiuza tena.

Turudi kwenye maneno. "No Signal" ni habari njema kuliko watu wanavyodhani: kioo ni kizima, kina umeme, kinaweza kuandika, kinakuambia tu kwamba hakuna kinachoingia. Kabla ya yote bonyeza kile kitufe cha kioo cha kuchagua chanzo, maana kioo chenye matundu mawili kinaweza kuwa kinasubiri upande usio na waya. Halafu bonyeza Caps Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, kompyuta iko ndani inafanya kazi na haina habari kwamba wewe huoni kitu. Mashaka yako yahamie kwenye waya na kioo. Taa ikigoma, mashine imekwama mapema, kabla hata ya kufikia picha.

Ya mpwa wangu iligoma. Nikafikiria bajaji.

Nikachomoa umeme, nikashika bati la boksi kidogo ili kutoa umemetuli mwilini, nikafungua ubavu. Ramu, vile vibao vya kumbukumbu, zilikuwa mbili, moja imenyanyuka upande mmoja kwa upana wa kucha. Nilizitoa zote mbili, nikasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio mweupe wa shule, taratibu, nikapangusa vumbi la ufutio, nikarudisha moja tu mpaka vibanio vikalia tki. Picha ikaja. Nikarudisha ya pili, picha ikabaki. Ufutio tuliutoa kwenye bidhaa za dukani kwake, na mpaka leo ananidai shilingi mia mbili.

Kuna jaribio moja la ramu ambalo ningetaka kila mnunuzi alijue. Toa ramu zote kabisa, kisha washa. Mazabodi iliyo hai italalamika: italia pip-pip kama ina spika, au taa ya mbele itamemeta au kubadilika rangi. Malalamiko hayo ni dalili ya uhai. Ikikaa kimya kabisa kana kwamba hujaiondolea chochote, hapo ndipo uanze kuogopa mazabodi, prosesa au pawa saplai, kile kiboksi cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani. Pawa saplai msiifungue. Kapasita zake, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Na mkinunua mashine iliyotoka Marekani, tafuteni kile kiswichi chekundu mgongoni mwake kilichoandikwa 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 na ukachomeka umeme wetu wa 230, utasikia mlio mmoja tu.

Basi picha ilikuja, ila ilikuja ya njano. Karatasi nyeupe njano, kila kitu njano kama mtu amemwaga chai ya rangi juu ya kioo. Kijana akaguna: fundi si alisema?

Hapa ndipo ninapopenda waya wa VGA, ule wa kupeleka picha kwenye kioo, mzee huyu aliyezaliwa 1987 kwenye kompyuta za IBM na bado anatulisha. Hauna ujanja. Una pini 15, safu tatu za tano tano, na rangi tatu zinasafiri kila moja kwenye pini yake: pini ya kwanza nyekundu, ya pili kijani, ya tatu bluu. Ikikatika njia moja, picha inabaki na rangi mbili zilizosalia, na mchanganyiko wake unakutajia aliyepotea. Nyekundu na kijani vikichanganyika katika mwanga hutoa njano, kwa hiyo bluu haipo. Picha ikiwa ya zambarau, kijani hakipo. Ikiwa ya samawati yenye ukijani, nyekundu ndiyo iliyotoroka. Hakuna kadi inayohitaji kununuliwa hapo.

Nikachomoa waya, nikatazama mdomo wake kwa tochi ya simu. Pini ya tatu imelala kabisa. Na nikakumbuka nani aliyechomeka waya ule jana yake akiwa na haraka ya kuwahi daladala: mimi. Nilisukuma kwa nguvu ukiwa umepinda, sikufunga skrubu zake. Niliinyanyua pini kwa ncha ya penseli ya kubonyeza iliyotolewa risasi, karatasi ikarudi kuwa nyeupe. Fundi kwa hilo sina la kumlaumu, ingawa na yeye hakutazama.

Mkiukagua waya kama huo msishtuke kukosa pini moja katikati, ile ya tisa. Waya nyingi hutoka kiwandani bila hiyo. Zinazoumiza zaidi ni ya 12 na ya 15, kwa kuwa kupitia hizo kioo hujitambulisha kwa kompyuta. Waya wa bei ya kutupa usiokuwa nazo utakuonesha picha, lakini kompyuta haijui inaongea na kioo gani, inakupa picha ya chini, maandishi manene kama ya kitabu cha chekechea, na ukitafuta ukubwa sahihi kwenye mipangilio hauupati. Draiva ya picha, ile programu inayoifundisha kompyuta kutumia kifaa chake cha picha, isipowekwa huleta hali inayofanana na hiyo, ndiyo maana nabadilisha waya kwanza, maana kubadilisha waya ni dakika moja na kupakua draiva ni bando.

Kuna jambo jingine la waya ambalo sokoni linaendelea bila aibu. Kuna waya wenye kichwa cha VGA upande mmoja na HDMI, tundu la picha la televisheni za kisasa, upande wa pili, bila kiboksi chochote katikati, na watu wanauziwa waunganishe kompyuta ya zamani na televisheni. Hautafanya kazi. VGA inapeleka mawimbi, HDMI inasubiri namba, na shaba tupu haiwezi kutafsiri. Unahitaji kibadilishi chenye chipu ndani, ambacho mara nyingi huja na kamkia ka USB kwa ajili ya umeme. Vivyo hivyo kwenye DisplayPort, tundu linalofanana na la HDMI lakini lina kona moja tu iliyokatwa, ambalo limejaa kwenye mashine za maofisini: waya wa kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya kioo kwa kawaida hufanya kazi, lakini ukiugeuza, kompyuta iwe na HDMI na kioo kiwe na DisplayPort, utakesha. Waya ule ule, ni njia ya upande mmoja. Muuzaji akikuambia "unaenda kotekote", mwambie auchomeke mbele yako.

Nikiwa mnunuzi sasa hivi ningekuwa mkorofi zaidi dukani. Lile jaribio la muuzaji linatumia waya wake na mara nyingi kioo chake cha kudumu juu ya meza, kile kizuri, halafu unapewa kioo kingine kutoka kwenye rundo. Nitataka niione na kioo nitakachoondoka nacho, kwa waya nitakaoondoka nao, iwashwe, izimwe, ipumzike, iwashwe tena, na kioo kiachwe kinawaka dakika kumi na tano tukiongea mambo mengine. Vioo vya zamani vina ugonjwa wa kuwaka sekunde mbili kisha kuwa vyeusi. Ukivimulika kwa tochi kwa pembeni unaona picha ipo, hafifu, kama kivuli ndani ya kisima. Hapo taa za nyuma ya kioo au saketi inayoziwasha zimechoka, kompyuta haihusiki, na tena hicho nacho mtaani kinaitwa "haiwaki".

Hata boksi tunaliita CPU, na hilo nalo nina ugomvi nalo. CPU ni prosesa, kipande unachoweza kukificha kwenye kiganja. Mteja akimwambia fundi "CPU imekufa" akimaanisha boksi zima halioneshi picha, na fundi akamjibu "CPU imekufa" akimaanisha prosesa, wamekubaliana kabisa na hakuna aliyemwelewa mwenzake. Najua vita hii nimeshashindwa. Hata mimi nimeandika "boksi" humu kwa kujilazimisha.

Steshenari ilifunguliwa wiki iliyofuata. Saa ya kompyuta ilikuwa ikirudi nyuma miaka kila umeme ukikatika, kurasa za intaneti zinakataa kufunguka kwa sababu ya tarehe, mpaka tukabadilisha ile betri bapa ya CR2032 kwenye mazabodi. Kilichobaki ni mstari mmoja mwembamba wa kijani ulioshuka upande wa kushoto wa kioo, kutoka juu mpaka chini. Huo ni wa paneli yenyewe, tumejaribu waya wa kila aina na haukuondoka, na dukani hatukuuona kwa sababu muuzaji alikuwa amefungua dirisha lenye picha ya msitu. Mpwa wangu ameubandikia kikaratasi cha bei: kopi mia moja, kuchapa ukurasa mia tano.