Bata hanuki, tunamharibu sisi

Kila nikitaja bata hapa Mombasa, jibu huwa lile lile: "Bata? Ananuka yule." Wanaosema hivyo ni watu wanaokula papa mkavu na ng'onda bila kusita. Mimi naamini bata anaonewa. Harufu ile mara nyingi inatokana na haraka zetu wenyewe uani, kabla hata sufuria haijabandikwa.

Nazungumzia bata wetu wa kufuga, yule mwenye nyama nyekundu usoni. Bata mwitu wa mabwawani na mitoni waacheni. Kuwatazama wakiruka kunatosha. Lakini huyu wa uani naye umwitu haujamtoka. Asili yake ni misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, na usipompunguza mbawa utamkuta jioni amelala juu ya mwembe. Nyama yake ni nyekundu, ngumu kuliko ya kuku. Ndiyo maana ukimpika kama kuku atakushinda.

Bibi yangu alikuwa akimfungia siku tatu kabla ya kumchinja, ampe mahindi na maji safi tu. Bata hula chochote anachokikuta mtaroni, na alichokula jana utakionja kesho. Akishachinjwa, kwa bismillahi na kisu kikali, aachwe atulie kabisa. Nimewahi kuona sokoni bata akitumbukizwa kwenye maji ya moto angali anapapatika. Hilo silikubali hata kidogo. Ni mateso, na kwa sisi Waislamu linatia shaka kwenye mlo wenyewe.

Sasa kunyonyoa, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa wakamchuna ngozi. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilifanya hivyo hivyo. Nilimmwagia maji yanayochemka kama kuku, ngozi ikachanika, manyoya yakabaki. Nikamchuna, nikampika kwa nazi, na nyama ikatoka kavu kama kamba. Siku ya pili bibi alinikalisha kibarazani.

"Mjukuu wangu, bata ana mafuta kwenye manyoya. Maji hayamwingii mpaka uyalazimishe."

Maji yasichemke. Yawe ya moto kiasi cha nyuzi 65 hivi, yanapoanza kutoa mvuke na mkono hauvumilii. Tia sabuni kidogo ya kuoshea vyombo ili ikate yale mafuta. Mzamishe bata dakika mbili tatu, huku ukiyafumbua manyoya kwa kijiti ili maji yafike kwenye ngozi. Jaribu unyoya mmoja mkubwa wa bawa. Ukitoka bila kuvuta kwa nguvu, mtoe. Kisha kaa chini. Kazi hii inataka saa nzima na mtu wa kuzungumza naye. Manyoya makubwa yakiisha hubaki malaika, na hayo bibi aliyababua kwa moto wa makuti makavu, akimgeuza geuza ngozi isiungue. Baada ya hapo msugue kwa chumvi na ndimu, umsuuze mpaka sabuni iishe kabisa.

Halafu geuza mkia. Juu yake, pale unapoanzia, pana kinundu chenye tezi mbili za manjano. Hapo ndipo bata anapochukua mafuta ya kujipaka manyoya yasilowe. Kata kinundu chote, kwa kina, usiache hata kipande cha manjano. Wengi hawakijui, wanakipika, kisha wanamlaumu bata. Natamani kila muuza bata angemwonyesha mnunuzi kinundu hicho kabla ya kupokea pesa.

Kupasua tumbo ni kama kwa kuku: toa gole shingoni, chana karibu na kinyeo bila kutoboa utumbo, na uangalie nyongo isipasukie kwenye ini. Firigisi usitupe.

Usimpike siku hiyo hiyo. Nyama ya mnyama aliyetoka kuchinjwa hukakamaa, na bata ndiye anayekakamaa zaidi ya kuku mezani kwetu. Mlaze kwenye friji usiku mmoja.

Asubuhi mgawe. Kidari nakiweka kwenye kikaango kikavu, ngozi chini, moto mdogo, mafuta yake yenyewe yatoke. Mapaja yanataka chungu, tangawizi, kitunguu thomu, ukwaju na tui jepesi, makaa machache, zaidi ya saa moja na nusu. Tui zito lisiingie mpaka nyama ianze kuachia mfupa. Yale mafuta ya kikaangoni nayakusanya kwenye chupa, na wali wa kesho yake naukaangia kitunguu humo. Mume wangu, ambaye zamani alikuwa anahama meza akisikia bata, siku hizi ndiye anayeiulizia ile chupa.